Jani la Kufukuzia Mbwa

Wazee wenzangu wa kijiweni, na hasa wewe Mzee Salumu ambaye hujawahi kusubiri maneno yaive, picha mmeiona. Najua mmeiona, kwa sababu niliporudi hapa Kaloleni kila aliyenisalimia alikuwa anatazama mikono yangu. Ndiyo, mwenye kofia ni mimi. Ndiyo, nimeshika jani. Ndiyo, nyuma yangu kuna watu wamejipanga kama wanamsindikiza bwana harusi. Lakini hilo mnalosema, kwamba Issa fundi bati amepanda mlimani kumwomba msamaha Kaanaeli, hilo lisubiri. Picha msiifute. Mtaihitaji mbele.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Shule niliishia darasa la tatu, la nne niliuona mlango wake tu, lakini wenye digrii wamepanga vyumba vyangu na shikamoo wananipa. Anayetaka kusahihisha herufi zangu aanze kwanza kujenga.

Ugomvi wenyewe

Kaanaeli mnamkumbuka. Ndiye fundi cherehani aliyekaa mlango wa pili na karakana yangu miaka yote ile, mimi nagonga bati, yeye anakanyaga cherehani, tunatukaniana kupitia ukutani. Alipozeeka akarudi kwao Umeru, akajenga nyumba. Mimi ndiye niliyemtengenezea magata ya kukinga maji ya mvua, nikayapandisha mwenyewe, bure, kwa urafiki.

Siku ya kubariki nyumba mvua ikanyesha. Mchungaji yuko kibarazani, amefumba macho, yuko katikati ya sala, maji yakamwagika kutoka kwenye gata yakaingia kwenye kola yake mpaka mgongoni. Mtu wa Mungu aliruka. Kaanaeli akasema mbele ya ukoo mzima, "Hii ndiyo kazi ya mafundi wa mjini."

Nikamjibu palepale, "Gata langu halina kosa. Nyumba yako imelalia upande kama ng'ombe mgonjwa."

Akasema nisikanyage tena kwake mpaka niombe msamaha. Nikasema yeye ndiye aombe. Tangu hapo kahawa imechumwa misimu mingi na hatujasalimiana.

Halafu muuza ndizi mmoja akaja na habari: Kaanaeli ameanguka kutoka kwenye mparachichi, nyonga imevunjika, na kushuka tena mjini asahau. Mlikuwepo niliposikia. Mlinitazama. Salumu ukasema, "Sasa utakwenda kuomba." Nikakwambia nakwenda kumpa pole, na kukagua gata langu, basi. Ukweli ambao sikuusema ni kwamba usiku ule nilisikia ukuta wa karakana umenyamaza, nikaona mtu asije akafa huko juu tukiwa hatujamaliza kutukanana.

Kaloleni hadi Tengeru

Ni gari. Kuhusu gari sina la kusema. Nilivaa kofia yangu nzuri, nikabeba mfuko wenye kashata, maana Kaanaeli ni mlafi wa kashata. Na koleo. Koleo silitoi mfukoni hata nikienda msibani, kwa hiyo msitafute maana yake.

Tengeru hadi Akheri

Ilikuwa siku ya soko. Tengeru siku ya soko hata nzi wana haraka. Mara ya mwisho nilipopanda kwa Kaanaeli nilipanda na gari lenye magata, likanifikisha mlangoni. Safari hii nikaambiwa mvua imebeba daraja, gari halipiti.

Kijana wa bodaboda akanikamata mkono. "Babu, panda, nakupitisha njia ya panya."

"Mimi si mkungu wa ndizi."

"Mkungu haulalamiki, babu. Nakubeba bila kelele."

Nikamwambia nilipokuwa na umri wake nilikuwa nabeba bati kumi kichwani toka mjini mpaka kambi ya wazungu bila pikipiki. Akasema basi nibebe na yeye. Watoto wa siku hizi wana majibu. Nikaamua kwenda kwa miguu, kumkomoa.

Nikauliza njia kwa mwuza viazi, kwa sauti, ili anisikie: "Kwa Kaanaeli, fundi cherehani mstaafu, mwenye nyumba iliyopinda, ni wapi?"

Aliyejibu hakuwa mwuza viazi. Ni mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikapu. "Nyumba iliyopinda?" akasema. "Mimi naelekea hukohuko. Twende, baba."

Akajitambulisha kuwa ni Mama Penda. Kikapu chake kilikuwa kitupu, ila ndani kulikuwa na kifurushi kirefu chembamba kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Soko gani hili unatoka na kikapu kitupu?" nikamuuliza.

"Nilichokuwa nakitafuta nimekipata," akasema. "Tena kimejileta chenyewe."

Nikaona ni mwanamke wa mafumbo, nikanyamaza. Kunyamaza kwenyewe hakukudumu.

Akheri hadi mtoni

Ndugu zangu, nasema bila kuhongwa: kule ni kuzuri. Unaacha lami, unaingia kwenye kijia chekundu, kahawa huku, kahawa huku, juu yake migomba imefunga kama paa ambalo hakuna fundi angeweza kulilehemu. Katikati ya migomba wamechomeka miparachichi, imezaa mpaka matawi yamewekewa miti ya kuyainua. Mapera yameoza chini, hakuna anayeyaokota. Mjini tungegombana. Pembeni mwa njia maji yanapita kwenye mfereji mwembamba, kila shamba linachota zamu yake. Na Mlima Meru umekaa pale juu na wingu lake shingoni, kama mzee aliyeamka vibaya.

Tabu ni moja. Wale watu hawana kulia wala kushoto. Wana juu na chini. Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa anapogoa kahawa njia inaelekea wapi, akasema, "Kata juu, shuka chini kidogo, halafu shika juu."

"Juu ya wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Juu," akasema, akanyoosha kidevu.

Akaongeza kitu kwa Kimeru, nikamjibu kwa Kirangi cha kwetu Kondoa, tukaelewana kwamba hatuelewani. Mama Penda alicheka mpaka akashika mgomba.

Njiani nikamweleza mama huyu habari zote za ugomvi. Sikubakiza. Nilimwambia Kaanaeli ni fundi cherehani, kwa hiyo nyumba yake aliijenga kama suruali, mguu mmoja mrefu. Nilimwambia mchungaji alilowa kwa dhambi za mwenye nyumba.

Yeye anatembea tu, anauliza. "Na huyo Kaanaeli alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mbishi. Mchoyo wa sindano. Anaimba pambio huku anashona, na hajui kuimba."

"Kumbe ulikuwa unamsikiliza."

"Ukuta ulikuwa wa mabati, mama. Ningeziba masikio na nini?"

"Mke wangu alipokuwa hospitali," nikaendelea, sijui kwa nini, ile njia ya migomba inatoa maneno, "Kaanaeli alifunga cherehani wiki nzima akakaa na mimi kwenye benchi. Hakusema kitu. Alishona vifungo vya shati langu, vyote, hata ambavyo havikukatika."

"Basi mwombe msamaha, yaishe."

"Nani? Mimi? Gata langu halina kosa!"

"Sawa, baba," akasema. Akajipakulia kashata nyingine kutoka kwenye mfuko wangu. Mpaka mtoni alikuwa ameshakula nusu ya mfuko.

Mtoni hadi kwenye mbwa

Mto wenyewe ni mdogo lakini una kiburi. Daraja lililobaki ni gogo moja. Mama Penda alivuka kama anakwenda jikoni. Mimi nilivuka kwa kukaa, kidogo kidogo, kama mtoto kwenye sinia. Bahati nzuri hakuna aliyenipiga picha ile. Au kama ipo, Salumu usinionyeshe.

Ng'ambo kuna nyumba, tukakaribishwa. Mwenye nyumba alileta kibuyu cha mbege, nikamwambia mimi ni Mwislamu, akaomba radhi akaleta loshoro, yale mahindi yaliyokobolewa yakachanganywa na maziwa ya mgando. Bakuli kama beseni. Nikala, nikasifu. Kumbe kwao ukisifu unaongezwa. Nikala la pili kwa heshima. La tatu nikalila kwa woga. Nilipoinuka, tumbo liliinuka baadaye.

Hapo ndipo Mama Penda akasema, kwa sura ya mtu anayesoma tangazo la kanisani, "Baba, kuanzia hapa kwenda juu kuna mbwa wakali."

Mnajua mimi na mbwa.

"Shika hili," akasema. Akafungua kile kifurushi cha kikapuni, akatoa jani refu, la kijani kibichi, limekunjwa na kufungwa fundo, na fundo limezungushwa uzi wa bluu. "Lishike mbele, hivi, kwa mkono wa kulia. Mbwa wa huku wakiliona hawagusi mtu."

"Hili si yale majani wanayopanda mipakani?"

"Ndilo. Isale. Mbwa wanaliheshimu."

Sasa msinicheke kabla ya wakati. Mimi ni mtu wa bati. Majani nayajua mawili, mchicha na sukuma wiki. Nimekaa Arusha tangu ujana, lakini nimekaa mjini, na mambo ya mashambani ya Wameru yamenipita. Nikalishika. Mbwa wa kwanza akatoka, akanitazama, akapiga miayo, akalala. Nikasema, kumbe!

Mbwa hadi kwa Kaanaeli

Kuanzia pale safari yangu ilibadilika, na nitawaambia nilivyoiona wakati ule, maana ndiyo raha yake.

Tulipita nyumba ambapo wanawake walikuwa wanapepeta maharage na kupiga soga. Waliponiona wakanyamaza kama redio iliyozimwa. Wakasimama wote. Mmoja akaweka ungo chini. "Shikamoo baba," akasema, kwa sauti ile ya kanisani. "Pita baba. Mungu akutangulie."

Nikaitikia, nikanyoosha kofia. Nilijua nimevaa vizuri lakini sikujua ni kiasi kile.

Mbele kidogo wanaume wawili walikuwa wanagombania mpaka, mmoja ameinua jembe. Waliponiona jembe likashuka. Nikasikia wananong'ona, "Ndiye huyo. Fundi wa gata."

"Amekuja mwenyewe?"

"Kwa miguu!"

Nikamwambia Mama Penda, "Unasikia? Kazi zangu zinajulikana mpaka huku."

"Zinajulikana sana, baba," akasema. "Hasa ile ya mchungaji." Akajikwaa, nadhani kwa sababu alikuwa anacheka amefumba macho.

Mzee mmoja mwenye koti la suti na gambuti akatoka kwenye kahawa yake, akafuta mikono, akaanza kutufuata. Nikamuuliza kama anaelekea juu. Akasema, "Jambo kama hili halikosi mtu mzima." Nikaona ni adabu. Wale wa maharage nao wakaja. Wale wa mpaka nao, bega kwa bega sasa, kama hawakuwa wanataka kuuana. Nilipogeuka kwenye kona nikakuta nina msafara. Binti mmoja akainua simu, nikasimama vizuri, nikatoa kifua, nikainua jani. Hiyo ndiyo picha mliyo nayo. Nilidhani napigwa kama fundi mashuhuri.

Kibarazani

Kaanaeli alikuwa kwenye kiti, magongo mawili pembeni, blanketi miguuni. Amekonda. Ile shingo yake iliyokuwa inajaa kola sasa kola inaisubiri. Aliinua macho akaniona, halafu akaona jani, halafu akaona watu. Akajaribu kusimama. Magongo yakaanguka.

"Issa," akasema. "Umekuja na isale."

"Nimekuja na kashata," nikasema. "Hili ni la mbwa."

Kuku mmoja tu ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

"La mbwa?" akauliza mzee wa gambuti.

"La kufukuzia mbwa. Mama huyu amenipa."

Wanawake wakaziba midomo kwa kanga. Mzee wa gambuti akanivuta pembeni hatua mbili, akanieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa. Kwao isale ndilo neno la msamaha. Aliyekosana na mwenziwe akilipeleka jani lililofungwa fundo, amesema yote bila kufungua mdomo. Anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama ng'ombe wake ndiye aliyechinjwa. Na likishapokelewa, lile neno limezikwa. Atakayelifukua, kosa jipya ni lake.

Damu ilinipanda mpaka kwenye kofia. Nimepita vijiji vyote nimenyoosha msamaha mbele kama bendera! Nikageuka nikasema, na nilisema kwa nguvu, "Mimi sikuja kuomba—"

Nikamwona Kaanaeli. Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alirudi tu kwenye kiti, polepole, akaanza kukunja ukingo wa blanketi kwa vidole, kama alivyokuwa anakunja pindo la suruali. Mtu ambaye nyonga haimruhusu hata kufika getini. Nikaelewa kwamba nikimalizia sentensi ile nitashuka mlima, na yeye hatashuka, na mambo yatakuwa yameishia hapo.

Mama Penda akanisogelea, akasema chini kwa chini, "Kabla hujamaliza, fundi, tazama fundo."

Nikatazama. Uzi wa bluu umezungushwa mara tatu, ukapitishwa chini, ukakatwa kwa meno. Fundo lile nimelivaa kifuani miaka na miaka. Vifungo vyangu vyote vimefungwa hivyo. Arusha nzima hakuna mwingine anayefunga uzi namna ile.

"Ni kaka yangu aliyelifunga," akanong'ona. "Nilirudi kumuuguza baada ya kufiwa na mume. Asubuhi amenituma nilipeleke Kaloleni, nikupe mkononi. Nikakukuta Tengeru unaitangaza nyumba yetu sokoni. Nikaona kwanza nikusikilize, nijue kama unafaa."

Sasa fikirini. Jani ni la Kaanaeli. Yeye ndiye aliyeomba! Ameniomba mimi, na mimi nimelipokea kwa mkono wa kulia pale mtoni, tena nikiwa na loshoro mabakuli matatu tumboni. Nimeshinda. Na ukoo mzima umesimama pale, wenye sikio na wenye simu, na hakuna anayejua isipokuwa watu watatu. Neno moja tu lilitosha.

Nikamtazama Kaanaeli. Naye alikuwa ameshauona uzi wake. Alifumba macho, kama mchungaji yule kabla ya maji.

Nikatembea mpaka kwenye kiti, nikamnyooshea. "Kaanaeli," nikasema, "pokea."

Akafumbua macho. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyo adabu. Akapokea kwa mikono miwili. Wanawake wakapiga vigelegele, mzee wa gambuti akavua kofia, wale wa mpaka wakakumbatiana bila kuulizwa. Binti wa simu akapiga ya pili, lakini naona ile hamjatumiwa, kwa sababu mzee mmoja wa mjini ndani yake amefunika uso kwa kofia. Lilikuwa jua.

"Kashata ziko wapi?" Kaanaeli akauliza.

"Dada yako amekula nusu."

"Penda! Hata siku kama hii?"

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, tukabaki wawili kibarazani. Alianza kunitukana kidogo kidogo, kujaribu kama bado anajua. Anajua. Mparachichi ule uliomwangusha uko hapo hapo pembeni ya nyumba, tawi moja linaning'inia juu ya bati. Upepo ukapita. Parachichi moja likadondoka kwenye paa, likashuka, likaanguka kibarazani kwenye sakafu ya saruji, mwisho ule wa mashariki. Likatulia. Halafu, bila mtu kuligusa, likaanza kubingirika.

Lilibingirika pole pole. Likapita mbele ya mlango. Likapita magongo. Likapita miguu ya Kaanaeli, likapita yangu, likashika kasi, likaenda kugonga ukuta wa magharibi, chini ya ile kona ambayo gata langu lilimmwagia mchungaji. Fundi mwenye pimamaji asingeonyesha vizuri zaidi.

Nikageuza kichwa. Kaanaeli alikuwa ananitazama mimi, si parachichi.

"Umeona nini?" akauliza.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Lakini isale imeshapokelewa, na nimewaambia sheria. Ila nimeuliza, nikaambiwa sheria inakataza kumfukulia yeye neno lile; Kaloleni haikutajwa. Kwa hiyo nyinyi ikuzeni ile picha, mtazame fundo, mtazame uzi, halafu mkae kimya. Anayepanda mlimani kumsalimia asiseme kitu. Abebe kashata.

"Nimeona parachichi," nikamjibu.

"Limeiva?"

Nikaenda kuliokota, nikalibonyeza. "Limeiva."

"Basi lilete."

Nikatoa kisu, nikalipasua katikati, nikampa nusu. Tukala ushahidi wote, tukabakiza kokwa.